Waya Mweusi

Kahindi alibadilisha betri.
Kabla ya betri, plagi;
kabla ya plagi, pampu ya petroli;
kabla ya pampu, mafundi wawili wa Malindi mjini.
Pijo ya marehemu babake, ukizungusha ufunguo asubuhi,
husema tak,
kisha kimya cha mkwe aliyenuna.

Mbodze wa Kisumu Ndogo hakufungua sanduku la spana.
Aliuliza: "Inalala wapi?"
"Mayungu. Uwanjani, upande wa pwani."
"Aa. Inalala na chumvi."

Akamwambia awashe taa, halafu apige stata.
Taa zikafifia, zikawa rangi ya chai ya mkandaa.
"Betri yako nzima. Nguvu inatoka,
haina njia ya kurudi."

Kidole chake kikaufuata waya mweusi
toka betri, chini ya chujio la hewa, hadi kwenye bodi,
penye nati moja iliyoota unga wa kijani.
Ililia ikifunguka.
Chini yake, kipande cha kopo la soda
kilichokatwa kwa mkasi, kikatobolewa kwa msumari.

"Nani alikitia hiki?"

Kahindi aliujua mkasi.
Ulikuwa wa mamake, wa kushonea,
na ugomvi wa usiku ule aliusikia akiwa kitandani.

Mbodze akasugua kwa msasa mpaka chuma kikacheka,
akakaza, akapaka grisi.
Pijo ikawaka kwa mkupuo mmoja,
ikakohoa.

Kipande cha kopo aliomba arudishiwe.
Kimo mfukoni, pamoja na risiti ya betri
asiyoihitaji.