Pinioni ya Meno Kumi

Matairi yalishuka bandarini Jumanne,
mawili tu, mapana kama godoro la mtoto,
hayana kashata hata moja.
Ukiyabonyeza kwa kidole gumba
alama hubaki, kama kwenye donge la maandazi.

Shekiondo akayaleta kwa guta
hadi gereji kwangu, Barabara ya Kumi na Sita,
watoto nyuma yake, na mbuzi mmoja.
"Fundi Mwantumu, nifungie. Jumamosi tunakimbia."

Gari lenyewe Ngamiani nzima inalijua:
Shevrole la mwaka sitini na tisa,
silinda nane, rangi ya samli,
lililala miaka thelathini ghalani, shamba la mkonge, Muheza,
panya wakizaliana kwenye kiti cha nyuma.
Injini niliifufua mimi. Kabureta niliiosha mara saba
kama chombo kilicholambwa na mbwa.
Sasa likinguruma,
vikombe vya muuza kahawa hucheza kwenye sinia.

Lakini sikuyafunga.
Nilimpa kurunzi, nikamwambia lala chali, ingia uvunguni.

Nguvu ni mgeni mwenye njaa, nikamwambia.
Hutoka injini, hupita klachi,
giaboksi, krosi, propela,
hufika kwenye difu, hukata kona,
hushika ekseli,
ndipo hubisha hodi kwa tairi.
Tairi lako la zamani, lile jembamba, gumu,
humjibu: pita. Linateleza, linapiga kelele,
moshi unatanda, nyie mnashangilia.
Kule kuteleza ndiko kusamehe.
Hili jipya haliachii lami.
Mgeni akikuta mlango umekomewa
atarudi ndani ya nyumba
atafute ukuta mbovu.

"Ukuta mbovu ni upi?"

Ulikuwa mezani. Ekseli ya kulia,
niliichomoa jana, nikailoweka mafuta ya taa,
nikaifuta, nikaipaka chaki.
Ufa ukajichora wenyewe,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.

Na tena, nikasema, ni marefu.
Gari litakuwa mtoto ndani ya viatu vya mjomba,
hatua ndefu, kuondoka shida.
Nimehesabu meno: krauni arobaini na moja,
pinioni kumi na tatu.
Kwa matairi haya, pinioni ingekuwa ya kumi.

Akanyamaza.
Miezi minane ya zamu za usiku, kiwanda cha saruji,
ilikuwa imeegemea ukuta wangu, nyeusi, inanuka mpya.

Sikumwambia nimejuaje.
Pongwe, mwaka wa mvua zile,
pikapu ya marehemu mume wangu, na ukaidi wangu mwenyewe.
Sauti ile haina jina.
Ni kama mtu kavunja muwa ndani ya msikiti.

Alhamisi tukapata ekseli ya lori bovu, Kange.
Mhando akaichonga kwa mashine, karakana ya reli,
bei ya ndugu, yaani ghali.
Ijumaa tukavalisha matairi ya Hayasi,
kashata nusu, moja lina kiraka.

Jumamosi, barabara ya mkongeni,
Shevrole liliungua matairi kama mchawi aliyefumaniwa.
Subaru ya kijana wa Sahare ikalipita
kwa urefu wa boneti.
Watu walimcheka Shekiondo, na mimi nilicheka kidogo.
Kisha Subaru ikavutwa kwa kamba hadi mjini.
Letu lilirudi lenyewe,
likapita sokoni polepole, kioo chini,
kiwiko cha mwenyewe nje.

Matairi yale bado yapo ukutani.
Mwanangu wa mwisho hulala mchana ndani ya moja.
Kila mshahara ukitoka Shekiondo huja,
humsogeza mtoto taratibu,
hubonyeza kwa kidole gumba.
"Bado laini," husema.

Nami namjibu sijaipata,
nimeuliza hadi Mombasa.