Mwanasesere wa Jichoni

Bi Winifred Oxtoby, miaka themanini na mitatu,
kliniki ya macho, Bridlington, Jumanne ya mvua.
Kidevu juu ya kibao cha chuma,
paji limeegemea mkanda walioegemea wengi kabla yake.
"Tazama sikio langu," asema kijana wa mashine,
Callum, pumzi yake peremende juu ya vitunguu.
Naye, aliyewaambia watoto miaka thelathini na minane
*nitazame mimi ninaposema nawe*,
anatazama sikio.

Matone yamefanya kazi. Mboni imefunguka wazi
kama mlango wa ghala siku ya kushusha mizigo.
Callum anaiita kwa neno lao, pyupil,
ambalo mtaani kwao ni mwanafunzi pia.
"Mwanafunzi wako wa kushoto mvivu kidogo," atania.

Bi Oxtoby hacheki.
Mwalimu hustaafu, kusahihisha hakustaafu.

"Neno hilo lilitoka kwa Warumi, kijana.
Mtu alimsogelea mwenzake, pua kwa pua,
akaona ndani ya lile duara jeusi
mtu mdogo kama punje, anamkodolea.
Akamwita mwanasesere.
Kumbe ni yeye mwenyewe."

"Na yule wa darasani?"

"Wa ukoo uleule, ila huyo alikuwa yatima.
Mtoto aliyefiwa, sheria ikampa mlezi.
Basi kila asubuhi nilipoita majina
niliita yatima thelathini na mmoja,
na mama zao bado wako getini, wanapunga mikono."

Ananyamaza. Mashine inanguruma kidogo.
Mababu zake, kabla ya Kilatini kuvuka bahari,
waliliita tufaha, wakaridhika.
Sisi tukasema mboni, na ndani yake
nasikia kuona, mchana kweupe, bila mwanasesere.
Lakini hata sisi tulimwacha mtoto aingie:
huo ukungu uliomleta hapa leo,
ambao Callum anauita kwa neno la maporomoko ya maji,
kwetu ni mtoto wa jicho,
mtoto mweupe aliyelala kizingitini,
ukimwambia ondoka, haondoki.

Kuna mmoja hakumtaja.
Desmond Raw, dawati la karibu na bomba la joto,
ambaye baba yake aliuawa na msumeno wa kiwanda cha mbao,
yatima kweli, si wa kamusi.
Hakutazama mtu. Alitazama viatu, dirisha,
kifungo cha tatu cha sweta ya mwalimu.
Siku moja, kwa hasira ya wino uliomwagika,
aliinama, akamshika kidevu, akakiinua,
pua kwa pua.
Humo, ndani ya weusi wa yule mvulana,
akamwona mwanamke mdogo kama punje,
sweta ya kijani, mkono juu.

Aliushusha mkono.
Hakumbuki alisema nini baadaye. Pengine
alisema fungueni ukurasa wa kumi na mbili.

"Usipepese," asema Callum. "Karibu tumalize."
"Unaona nini humo?"
"Lenzi iliyochafuka. Upasuaji mwezi wa tano,
ukipata nafasi."
"Tazama tena. Mbele ya lenzi."

Callum anasogea. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii
hatazami ugonjwa.
Mvua inapiga kioo, mtu anakohoa korido,
karatasi ya miadi inaanguka mezani na hakuna anayeiokota.

"Yupo," asema, taratibu. "Ana taa kichwani."

"Amekaaje?"

"Amejikunja."

"Mwambie," asema Bi Oxtoby, machozi ya matone
yakimteremka mashavuni, yeye hayajali,
"mwambie anyooshe mgongo."