Kuteremsha Besi la Gwidon

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hakuwahi kushika kiuno cha besi
kwenye ngazi za Mtaa wa Wólczańska, mjini Łódź,
kutoka ghorofa ya nne, mwezi wa Februari,
viatu vimelowa theluji.

Tulikuwa wanne, safu nzima isipokuwa mwenyewe.
Jaromir mbele, kwa kuwa ana mgongo.
Ludmiła nyuma, kwa kuwa ana macho.
Mimi na Wit ubavuni, tunalipapasa
kama mgonjwa asiyetaka kuguswa.

Gwidon alibaki juu na sapatu zake
na fimbo aliyopewa hospitali.
"Kona! Kona hiyo ina msumari!"
Miaka thelathini na minane ameshuka hapo peke yake.
"Mwaka wa kwanza ulinichania koti. Wa pili, besi."

Jirani wa ghorofa ya pili akafungua mlango,
akaona watu wanne, hatua moja, pumzi moja,
na kitu kirefu kilichovikwa nguo nyeusi.
Akavua kofia.
"Maskini. Na juzi tu nilimsikia akipiga."
"Subiri utamsikia akitukana," Wit akamjibu,
na kweli, kutoka juu tusi likateremka,
likatupita, likafika mlango wa nje kabla yetu.

Watu wa fidla huulizana: ulisoma kwa nani?
Sisi huulizana: una gari gani, viti vyake vinalala?
Nani ana gurudumu la akiba?
Ulimbo gani haugeuki unga wakati wa baridi?
Nani anakukanda mgongo?
Upinde wangu ulipovunjika, saa moja kabla ya onyesho,
mtu wa Katowice nisiyemjua jina alinipa wake,
akakaa nje kwenye ngazi, akala mkate wake
mpaka tulipomaliza. Jina lake sijalijua hadi leo.
Gari lake ni kijivu, mlango wa nyuma haufungi.

Bogumiła hakutusalimu.
Aligonga tumbo la besi kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, akagonga tena.
"Roho imeanguka."

Ndivyo wanavyokiita huku kile kijiti cha msonobari
kinachosimama ndani, bila gundi, bila msumari,
kati ya tumbo na mgongo.
Kinashikwa na mkazo wa nyuzi, basi.
Legeza nyuzi zote kwa pamoja, nacho kinalala.

Gwidon alizilegeza zote.
Hakutuambia.
Tukatazama sakafu, na maranda, na viatu vyetu.

Kwa kioo cha daktari wa meno Bogumiła akachungulia ndani:
vumbi, tiketi ya tramu,
maandishi ya penseli ya mafundi waliomtangulia,
majina, miezi, bei.
Mmoja hakuandika jina wala mwaka.
*Baridi. Gundi imekwisha.*

Jumamosi alikuja Kalina, miaka kumi na sita,
kidole cha mwisho bado kifupi kwa kazi hii.
Hakupiga wimbo.
Aliuchagua uzi mnene kuliko yote, mtupu,
akauvuta upinde wake wote, polepole,
kama mtu anayefungua droo ya marehemu.

Wit alikuwa amempigia Gwidon simu
akaiweka juu ya meza, kimya, bila kueleza.

Tukangoja.
"Simu haibebi noti hiyo," ikasema sauti ya Gwidon.
"Mnapoteza salio."
Kisha akanyamaza muda mrefu, tukadhani amekata.
"Lakini nasikia makopo ya vanishi ya Bogumiła
yanatetema rafuni."

Kalina aliinua upinde.
"Mwambie huyo mtoto," alisema Gwidon,
"ashushe kiwiko."