Majani ya Chai

Kwenye daftari lenye doa la mafuta ya maandazi
nimechora tangi: urefu mita nne, kina moja,
upana moja na robo. Lita elfu tano,
kabla mawe hayajaingia kudai nafasi yao.
Bwana Ambakisye anataka bahari
hapa Mbeya, chini ya Loleza,
kwenye ukumbi wa hoteli, mkono wa kushoto ukiingia.

Nilimwambia mapema: bahari sijawahi kuiona.
Akasema, "Subilaga, si unajua maji?"

Maji nayajua.
Nimezika mabomba Rungwe, toka chemchemi hadi zahanati,
maji yakashuka yenyewe bila senti ya umeme,
kama mtoto aliyeitwa kula.
Haya ya hotelini hayana mlima.
Yanashuka mita mbili na nusu hadi tangi la chini,
halafu yabembelezwe kupanda.

Na kupanda kuna ushuru.
Kila kiwiko cha bomba ni kizuizi cha barabarani:
maji yanasimama, yanatoa kitu kidogo,
yanapita yamepungua.
Nikafuta viwiko vitatu vya nyuzi tisini,
nikaweka mikunjo ya arobaini na tano,
nikapanua bomba hadi inchi mbili.
Pampu iliyoandikwa lita elfu ishirini kwa saa
huku juu inafikisha kumi na mbili.
Boksi halijawahi kupanda mlima.

Kwa hiyo mbili ndogo, si moja kubwa.
Moja ikifa usiku, mwenzake ashike zamu.

Matumbawe hayatembei.
Chakula kiyafuate, uchafu uondoke bila kufukuzwa.
Yanataka maji yasiyo na msimamo,
yaende, yajute, yarudi,
si mpira wa zimamoto usoni mchana kutwa.
Niliposoma hayo nikakumbuka Kijungu,
mto Kiwira unavyoingia chunguni
na jani linavyozunguka mara mbili, mara tatu,
ndipo liamue.

Basi kabla ya chumvi nikajaza maji baridi ya kawaida,
nikatupa konzi ya majani ya chai ya Tukuyu,
nikazima taa, nikawasha tochi.
Yakacheza.
Ila nyuma ya nguzo ya mawe yakalala,
rundo jeusi, kimya.
Hapo ndipo maji yanapofia.
Nikasogeza pampu ya mawimbi shubiri moja,
nikaielekeza kiooni ili maji yagonge yarudi.
Syabumi, mlinzi, akachungulia:
"Dada, chai ya nani hiyo?"
"Ya samaki."
"Na sukari?"
"Wao chumvi."

Alhamisi, saa mbili usiku, umeme ukakatika.
Hili nililipanga. Tangi la chini nililiachia nafasi,
na bomba la kupandisha nilitoboa tundu la msumari
chini kidogo ya uso wa maji,
livute hewa, liache kunyonya.
Nikahesabu hadi mia, nikijisifu.
Mia mbili.
Maji bado yanashuka.
Chini yamebakiza vidole vitatu, viwili,
Syabumi anakunja zulia la Bwana Ambakisye
na mimi nimelala kifudifudi juu ya kioo,
mkono majini hadi kwapani, vidole vimekufa ganzi,
ninapapasa tundu.

Jani moja la chai.
Limekaa pale kama kizibo kilichokatwa kwa kipimo.
Nikaliondoa kwa kijiti cha meno cha mezani.
Bomba likacheua, likanyamaza.
Chini, kidole kimoja.

Nikaandika kwa mwanga wa tochi, mwandiko ukitetemeka
kwa baridi ya Julai, tuseme ni baridi:
matundu mawili, si moja. Yasafishwe kila wiki.
Sikuandika nani alimwaga majani.

Nyumbani Isanga maji ya mgao yanatoka Jumanne.
Nikachota kata moja pipani, nikanawa miguu,
hiyohiyo nikamwagia mchicha.

Chumvi inafika Jumatatu, magunia saba.
Nitakoroga, nitapima kama karatasi inavyosema,
kisha, Syabumi akigeuka,
nitachovya kidole nionje
ni kitu gani hiki nimekuwa nikikijengea.