Kabla ya Mabasi, Kolo

Zaituni alinikatia tiketi jana jioni,
akaninong'oneza: "Mabasi ya Arusha hufika saa nne.
Wewe panda saa kumi na mbili, umande haujakauka."

Nikapanda. Mawe ya baridi, kinyesi cha pimbi,
pumzi yangu, na kiatu kimoja kinacholia.
Nilitaka mwamba uwe wangu peke yangu.

Jua likagusa ukuta.
Wakajitokeza mmoja mmoja, wekundu, wembamba,
vichwa kama mizinga ya nyuki,
wawili wanamgombea wa katikati,
twiga anachungulia nyuma yao, hana pa kukanyaga.

Nikasogea pembeni, nikavua kofia.

Huko chini honi ikalia, saa tatu na nusu.
"Wamewahi," nikanung'unika,
mimi niliyekuta pamejaa.