Milango ya Vioo, Magongo

Nimekagua maghala ya chai, na hoteli mbili za Nyali,
lakini ni duka hili kubwa la Magongo lililoninyima usingizi.

Fomu ina kurasa kumi na nne. Wa kwanza wauliza habari za paa.
Nikapanda na tepu yangu.
Mabati meusi, saa saba mchana, Machi:
kipande cha soli yangu kilibaki huko juu,
kama muhuri wa mtu aliyetia sahihi bila kusoma.

Chini, Bwana Hasmukh ananifuata na bili mkononi.
"Milioni moja na laki mbili, dada Mbeyu! Mwezi mmoja!
Ningekuwa nauza stima ningekuwa tajiri."
Unaiuza, nikamwambia. Unaiuza kwa hasara,
na mnunuzi wako ni barabara.

Maana mlango mkubwa ulikuwa wazi tangu asubuhi,
na majokofu ya maziwa, mita ishirini na sita,
nayo yamelala kifua wazi.
Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa ufa ulitangulia,
duka likajengwa kuuzunguka.

Usiku nikarudi. Mlinzi Mwachofi akanifungulia.
Taa zote zawaka, safu baada ya safu.
"Za nani hizi?"
Akatazama magunia. "Za mchele."

Nyuma, kompresa tano zanguruma
zikitema joto uchochoroni,
mchana kutwa usoni pa Salehe, fundi wa cherehani,
ashonaye sare za shule na taulo shingoni.
Jokofu haliumbi baridi.
Huhamisha joto tu: hulitoa kwa aliye nacho
likalimwaga kwa jirani.

Nikaandika. Paa lipakwe rangi nyeupe.
Taa zijizime zisipoona mtu.
Pazia la hewa mlangoni. Joto la kompresa lisitupwe,
lipashe moto maji ya kuoshea bucha.
Na vioo, vioo kwa majokofu yote.

Sikuandika habari za Mwanatumu.
Jina lake nililisikia kwa msichana wa keshia.
Kila adhuhuri huja, mimba ya miezi sita,
kutoka chumba cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta,
husimama penye mtindi, hufungua mikono kidogo
mbali na mbavu,
husoma tarehe za kuharibika, pakiti hii, pakiti ile,
polepole, kama asomaye barua ya mume,
kisha hununua nusu mkate.
Dakika ishirini.
Kanuni yamwita uvujaji.

Nilipiga hesabu, ndiyo kazi yangu:
ni baridi ya senti ngapi iliyomgusa tumbo.
Haikufika hata robo
ya mwangaza tuliowalipia magunia.

Vioo vikaja Aprili, mvua imechelewa.
Mkaguzi wa kaunti akafungua, akafunga, akafungua,
akagonga muhuri.
Bili ilishuka karibu theluthi. Hasmukh alinipa
katoni ya biskuti na akaniombea dua ndefu.
Salehe alivua taulo, akalitundika msumarini,
akasema hajui shingo yake ilikuwa nyembamba hivi.

Nami nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi.

Wiki ya pili nikapita adhuhuri, kununua maji tu.
Kwenye kioo cha tatu, penye mtindi,
ukungu ulikuwa umetanda, na ndani ya ukungu
kiganja,
na chini ya kiganja, duara,
kubwa, la kitu kilichoegemea muda mrefu.
Mwenyewe keshaondoka.

Kijana wa usafi akaja na kitambaa na chupa ya dawa.
Nikamsimamisha.
Nikamuuliza bei ya siki,
halafu ya chumvi ya mawe,
halafu kama wanauza utambi wa jiko.