Sikio Juu ya Bakuli

Saa kumi alfajiri, Kibokoni, joto halijalala.
Nyanya hashughuliki na saa ya ukutani.
Huinamia bakuli la bati lililobanduka maua,
akatega sikio kama daktari kifuani mwa mtoto.
"Bado," asema. "Hajaanza kunong'ona."

Mimi nimerudi likizo na daftari la baiolojia.
Nyanya, humo ndani mna viumbe.
"Viumbe? Bakuli hili nimelisugua kwa mchanga!"
Si uchafu. Ni chachu, seli moja moja,
hawana mdomo na wanakula.
Wanakula sukari pasipo hewa,
na mlo wao huacha vitu viwili:
gesi, inayonaswa na unga ukafura,
na
(nikasita)
kileo.

Mwiko ukasimama.
"Ulevi? Kwenye mahamri ya Mwanatumu binti Athmani?"
Chembe tu, Nyanya. Mafuta ya moto hukifukuza
hamri halijageuka upande wa pili.
"Neno hilo usilitie jikoni mwangu."

Lakini neno nalo, likishatiwa, huumuka.

Adhuhuri akaja Nyanje, mgema wa Kisauni,
na dumu la siki ya achari.
Nyanya akamkabili mlangoni:
"Mjukuu wangu asema mimi nawe tuna kazi moja."
Nyanje akacheka hadi dumu likatikisika.
"Bi Mwanatumu, mimi hukwea tu.
Asubuhi tembo ni tamu, hata mtoto angeonja.
Jioni lina makali.
Likilala siku kadhaa, mlevi mwenyewe hulitema.
Nikilisahau wiki tatu, wewe ndiye mnunuzi.
Sitii kitu. Hujitia wenyewe."
Mgema akisifiwa twajua afanyalo;
huyu hakusifiwa, akasema kweli.

Nikadakia: wa mwisho ni bakteria, Nyanya.
Wao hupenda hewa. Hukila kile kileo
wakakigeuza kuwa ukali wa siki.
"Hula ulevi?"
Naam.
"Wote?"
Wakipewa hewa, na muda.

Akaitazama ngazi,
ile anayoipanda mjomba Badi usiku wa manane
akihesabu vidato kwa viganja.
"Muda gani?" akauliza,
na sauti haikuwa ya kununua siki.
Daftari langu halikuwa na ukurasa huo.

Kule bara nilikosoma, unga hungoja usiku kucha.
Hapa, kaskazi ikiwa imejaa ukutani, saa mbili zatosha.
Alfajiri ya pili akaniita: "Njoo usikie."
Nikainama. Iliki, tui, uchachu mwembamba,
kisha povu moja likapasuka: tsi.
Na jingine.
"Wasemaje hao viumbe wako?"
Wanapumua, Nyanya.

Juu ya boriti mjomba alikoroma.
Nyanya akalifunika bakuli kwa leso yake ya zamani,
akapanda ngazi polepole, bila taa,
nikasikia akifungua dirisha la chumbani kwake.